Makato

Kwenye risiti imeandikwa: watu sita.
Kalamu ya bluu, mkono wao wenyewe,
na hiyo "sita" ikapigiwa mstari mara mbili
kama mtu anayeogopa kusahau.
Mimi, Masele, wanetu watatu,
na mama mkwe, Bi Nyanzala,
ambaye hajausogelea mzinga tangu baba yake aache kurina.

Miezi minne nilishona sketi za shule,
rinda juu ya rinda, Isevya nzima,
noti nikizikunja kwenye kopo la maziwa ya unga.
Siku ya Familia Mizingani:
usafiri, chakula cha mchana,
mavazi ya nyuki kwa wakubwa na wadogo,
kila mtoto arudi na chupa aliyoijaza mwenyewe.
Waliyasema wao. Sikuyaota.

Alhamisi usiku simu ikalia.
"Mteja wetu mpendwa, kutokana na maboresho..."
Neno hilo nimejifunza kuliogopa.
Watoto chini ya miaka kumi na miwili, hapana.
Wazee waliopita sabini, waje na cheti cha daktari.
Chakula, kila mtu na chake.
Nikahesabu kwa vidole. Tumebaki wawili,
mimi na Masele,
watu ambao asali tunainunua sokoni.
Kitinda mimba alikuwa amelala na buti za mvua miguuni.
Anajizoeza, alisema.

Ijumaa nikafunika cherehani, nikaenda.
Ofisi yao ni chumba kimoja karibu na stesheni,
na feni inayozunguka bila kumpepea mtu.
Kijana, Lutema, akanipokea vizuri,
hilo silifichi,
akanipa kiti, akanipa maji,
akanipa kila kitu isipokuwa jibu.

"Mama, hela hairudi. Inahamishwa.
Mnaweza kuja Desemba."
Desemba wa miaka minne atakuwa ametimiza kumi na miwili?
Akacheka. Nikacheka.
Nikaacha, yeye akaendelea kidogo peke yake.

"Masharti yanasema masharti yanaweza kubadilika."
Mwanangu, nikamwambia, mimi fundi.
Mtu akiniletea kitambaa cha gauni
nikamshonea foronya,
siwezi kumwambia uzi ni uleule.
Nikikosea kipimo, kitambaa nalipa.

Kimya. Nje, behewa likagonga behewa.
Akainama, akatoa chini ya meza galoni ya asali,
lita tano, nyekundu kama chai ya rangi.
"Chukua hii, mama, yaishe."
Sitadanganya: mkono ulitaka kwenda.
Lakini mimi sikununua asali. Nilinunua siku moja,
siku ambayo bibi angewaonyesha wajukuu
babake aliweka wapi mguu wa kwanza mtini,
na moshi unaombwa vipi upite polepole.
Galoni haiwezi kusimulia hayo.

Basi nikakaa. Sikupandisha sauti.
Nikatoa michembe mkobani, nikatafuna.
Michembe mikavu ina kelele zake,
na mlangoni alikuwa ameshasimama mteja mwingine,
mwenye watoto wawili, akiniangalia.
Lutema akachukua simu, akaingia nyuma ya pazia,
akamnong'oneza mtu aliyemwita bosi mara tisa.

Saa tisa na dakika ishirini hela ikaingia.
Laki moja na themanini, pungufu elfu tatu na mia sita.
"Makato," ujumbe ulisema. Basi.

Leo ndiyo Jumamosi yenyewe.
Masele ananiambia nishukuru, wengine hawaambulii hata hizo.
Bi Nyanzala yuko uani na wale watatu,
ametoboa boksi la viatu,
anawaeleza mlango wa nyuki unatakiwa kutazama wapi.
Mdogo amevaa buti, na chandarua kichwani.

Mimi nanoa mkasi.
Jumatatu nitarudi stesheni, na michembe mingine.
Elfu tatu na mia sita kwa watu sita:
mia sita kwa kila kichwa,
pamoja na hicho chenye chandarua.